Shangazi, Kuku Wako Hawakuwa na Kitu

Shangazi,

Barua ya adabu huanza kwa kumuuliza mtu hali. Yako siiulizi. Huko uliko umeshaulizwa na wanaojua kuuliza. Mimi nina swali moja tu, nimelibeba tangu siku ya tisa ya msiba wako: wale kuku ulionituma kuwatazama miaka kumi na mmoja, walikuwa na nini?

Leo ni siku ya arobaini na tatu. Nyumba ipo. Paa la jikoni linavuja palepale pa zamani, na Bi Pili jirani yetu bado anaingia kila asubuhi kuosha vyombo, ingawa hakuna tena anayemwita. Hapa Mkoani mambo ya vyama yamezidi. Watu wanaulizana chama kabla ya kuulizana wameamkaje, na wapo wanaokwenda kuchota kisima cha mbali ili wasisimame na majirani zao. Lakini kwenye hitima yako ya arobaini walikuja wa kila upande, wakakaa kwenye mikeka yetu goti kwa goti. Walikuja kwa ajili ya mkono wako wa mapishi. Hilo nakupa, maana ni kweli.

Nianze mwanzo, usije ukasema nimekusingizia.

Nililetwa kwako nina miaka minane, mama ameshakufa na baba hajui la kufanya na mtoto wa kike. Wewe, dada yake, ulikuwa mpishi wa yule Mtaliana fundi wa mashine, na mkewe tulimwita Bi Sinyora. Chakula cha maana Sinyora alikuwa hajui kupika, lakini vitamu vya kwao alivijua, na akakufundisha vyote kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Biskoti za kuoka mara mbili. Zabayoni ya viini vya mayai. Na panakota, maziwa na malai, ile krimu yake, yaliyogandishwa, ukiitikisa sahani inatetemeka. Watu walishindwa na jina lake wakaiita sinyora tu.

Ulinisimulia mwenyewe habari ya vile vipande vya kugandishia, vyembamba kama kioo. Ulimuuliza Sinyora vimetokana na nini. Akasema mifupa na ngozi. Ukamuuliza ya mnyama gani, akainua mabega. Ukavifunga kwenye gazeti ukaenda kuvizika nyuma ya choo. Kisha ukakumbuka mwani, ule ule ambao wanawake wa kule Wambaa huuokota maji yakitoka na kuuanika juani, kwamba ukichemshwa maji yake huganda. Sinyora akala asitambue tofauti. Ile ilikuwa akili kubwa, Shangazi. Ningekuwa nakusifu kwayo mpaka leo.

Sinyora na mumewe walipohamia Mombasa alikuachia vikombe kumi na viwili vya kioo na kopo moja lenye maandishi ya kwao. Kopo ukaliweka juu ya rafu ya mbele, lionekane. Mtu akikuuliza sinyora inagandishwa na nini, ulilitazama lile kopo ukanyamaza, na mji mzima ukaamini kuna unga wa Ulaya unaoletwa kwa meli. Jikoni tulijua wenyewe kwamba ni mwani. Uliniapisha nisiseme, na sikusema. Bi Pili hukumwapisha, kwa sababu uliona mwosha sufuria hana haja na mapishi na hana wa kumwambia.

Basi nikawa mwanafunzi wako. Nilipepea moto, nilichuja, nilikoroga mpaka mabega yakafa ganzi. Na kila tulipofika mahali fulani kwenye sinyora ulisema, "Hebu katezame wale kuku, mwanangu." Nikienda, kuku wapo, wanadonoa. Nikirudi, kazi imeshavuka. Kwenye biskoti hukunituma kwa kuku, ulinituma kurudisha chekeche kwa watu. Kwenye zabayoni ulinituma maji. Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto hutumwa. Nilipokuwa mkubwa niliendelea kwenda kwa sababu miguu ilikuwa imeshazoea.

Vyangu havikutoka hata siku moja. Sinyora yangu ilikuwa na punje na harufu. Biskoti zangu zilivunjika zikawa vumbi. Zabayoni yangu ilikuwa mayai ya kukaanga yaliyotiwa sukari. Ulionja, ukatikisa kichwa kwa huruma, ukasema, "Nkono wako n'zito, Hadia. Si kosa lako." Mimi nikaamini. Nilikuwa nikifua nguo nautazama huu mkono, naugeuza, natafuta huo uzito uko wapi.

Halafu ikaja siku ya akina Makame, yule aliyetaka kunioa. Unaikumbuka, usijifanye. Mama yake, Bi Kaije, alikuja kutoka Wambaa na dada zake wawili kuniangalia, na ilikuwa lazima nipike kwa mkono wangu. Nilipika sinyora. Nilikuomba usimame nami mpaka mwisho, ukasimama, ila pale pa kuku ukanituma kwa kuku. Na siku ile, siku niliyovaa nguo ya kuazima, nikaenda. Bi Kaije akatia kijiko kimoja mdomoni, akanusa, akasema, "Hii mbona yanuka pwani?" Yeye ni mtu wa pwani, harufu ile anaijua. Na wewe hapo hapo, mbele ya wageni, ukasema mtoto huyu ana mkono mzito, kila anachokigusa huharibika. Kisha ukafungua kabati ukatoa yako, uliyoificha tangu asubuhi, nyeupe, imetulia, haina harufu. Wakala wakakusifu wewe. Wakaondoka. Makame ameoa Mgogoni, ana watoto wawili sasa. Mimi jina likanishika, Hadia Mkono Mzito, na kwenye shughuli nikawa wa kumenya vitunguu.

Ulipokufa nililia, na sikulia kwa kuonyesha watu. Jeneza lilipokuwa linataka kutoka, baba alisimama mlangoni akaomba kila mwenye kinyongo na marehemu amsamehe, aende na radhi zetu. Wanawake tukaitikia kutoka ndani kwamba tumekusamehe. Sauti yangu ilikuwa ya kwanza.

Siku ya tisa nilitaka kuwapikia waliobaki msibani. Nilikuwa nauosha mwani niutie sufuriani. Bi Pili alikuwa amechutama mlangoni na masufuria yake, akaniuliza, "Mbona weye huuroweki na ndimu?"

Nikamuuliza ndimu ya nini.

"Marehemu akiuroweka na ndimu mpaka ulainike. Akausuuza, ndo akauchemsha kwa maji matupu, akauchuja. Maziwa baadae. Kwani weye hukuwa ukimuona?"

Sikuwa nikikuona, Shangazi. Nilikuwa kwa kuku. Miaka yote nilikuwa nauchemsha mwani mkavu ndani ya maziwa, kama ulivyoniambia kwa kinywa chako. Nikamuuliza Bi Pili habari ya biskoti. Akasema ulizikata zingali za moto, ukazirudisha kwenye sufuria, ukapalia makaa juu na chini mara ya pili. Mimi nilikuwa nikizikata zimeshapoa, kwa sababu hapo zinapokuwa za moto mimi nilikuwa njiani na chekeche.

Niliingia chumbani kwako, nikakaa juu ya kitanda chako, nikasema kwa sauti: Shangazi Riziki, ile radhi niliyokupa naichukua. Sijui kama dini inaruhusu. Shehe sikumuuliza, kwa sababu niliogopa atasema hairudi.

Bi Pili alinifuata. Akasema nisikasirike, marehemu aliogopa tu kwamba siku nitakapojua kupika nitaolewa niondoke, abaki na kuta. Labda. Lakini kama ulitaka nisiondoke ungefungua mdomo ukaniambia, Hadia, usiondoke. Ningebaki. Wallahi ningebaki, na mkono wangu ungebaki na jina lake.

Sasa sikiliza nilichokufanyia.

Kwa hitima yako niliroweka mwani kwa ndimu kumi na mbili. Nilipika sinyora ya kuwatosha wote, na vile vikombe vya Sinyora nikaviweka mbele, kwa wanawake wakubwa. Bi Kaije alikuwepo. Tulipomaliza kusoma, wakala. Kukawa kimya, kile kimya ulichokipenda wewe, cha vijiko tu. Bi Kaije akakwangua kikombe chake mpaka chini, akauliza nani kapika, maana hii inapita hata ya marehemu, Mungu amrehemu.

Nikasema, "Mkono mzito ndio uliopika."

Kisha nikasimama, mimi ambaye sijawahi kusimama mbele ya watu, nikaitoa yote. Ndimu ngapi, mwani kiasi gani, unachemshwa vipi, unachujwa kwa kitambaa gani. Nilisema polepole kama anayesomesha. Nilipofika kwenye mwani, Bi Kaije akashusha kijiko. "Mwani?" akasema. Nikamwambia, "Huo huo unaouanika uani kwako."

Mmoja akauliza, na lile kopo? Nikalishusha kutoka kwenye rafu nikalifungua mbele yao. Unajua kilichokuwemo. Sindano zako, vifungo, na uzi mweusi. Wanawake walicheka, Shangazi. Wa chama hiki na wa chama kile, walishikana mabega wakicheka, mpaka Shehe akakohoa upande wa pili wa pazia. Ukubwa wako wote wa miaka ile, huo unga wa Ulaya, uliishia hapo kwenye mkeka. Nami nilikuwa nimesimama na kopo mkononi, na nilifurahi. Nakuandikia ili ujue kwamba nilifurahi sana.

Tangu siku hiyo mwani umekuwa adimu ufukweni. Kila nyumba ina sinyora. Nyingine mbaya, lakini ipo.

Imebaki zabayoni. Hiyo hata Bi Pili haijui, kwa sababu uliwapikia wazazi tu, wale waliojifungua, na ulitia komeo. Sinyora alitia divai, wewe ukaweka maji ya chungwa yaliyochemshwa na mdalasini, hilo najua. Viini na sukari, najua. Lakini nimejaribu mara sita tangu arobaini yako, na mara sita mayai yamekatika yakawa mabonge. Hata moto wa makaa mawili huyakata. Nilitaka kuifunga barua hii kwa kukubali kwamba hapo umenishinda, umekwenda nayo, na kwamba mpaka niipate, radhi yangu huna.

Lakini nimeisoma upya toka juu, na pale nilipoandika kwamba ulinituma maji nimekwama. Maji ya nini? Mtungi ulikuwa umejaa. Nilikuwa naujaza mwenyewe asubuhi. Na kila siku ya zabayoni tulikuwa na sufuria mbili za kuosha. Ndogo, ya mayai. Na ile kubwa, isiyokuwa na kitu, ila pembeni ule weupe unaoachwa na maji ya kisima yakichemka. Bi Pili aliwahi kulalamika kwa nini anaoshea watu sufuria safi.

Ngoja, Shangazi.

Nimerudi. Vidole vyangu vina yai, utaona alama kwenye karatasi.

Maji kidogo kwenye kubwa, yachemke taratibu. Ndogo juu yake, isiguse maji, ipate mvuke tu. Nikapiga kwa ule waya wa Sinyora wa kupigia mayai, nikapiga, nikapiga, na mayai hayakukatika. Yakafura. Yakawa mepesi, ya rangi ya siagi changa, yakapanda mpaka karibu na ukingo, na kijiko kikipita kinaacha njia. Shangazi, imepanda.

Nikamimina kwenye kikombe cha kioo, nikatoka nacho uani mbio, nikaita, "Shangazi, njoo uonje."

Bi Pili akainua kichwa kutoka kwenye masufuria, akaniuliza namwita nani.

Nikasema, "Mwizi wangu." Kisha nikakaa kizingitini, na tukala mimi na yeye kwa kijiko kimoja, mimi nikilia na pua inatoka maji. Ulikuwa hodari. Laiti ungekuwa mwema vile ulivyokuwa hodari.

Basi, haya ndiyo maamuzi yangu. Radhi ya kuku nimekupa. Ya chekeche nimekupa, na ya maji nimekupa leo. Ya siku ya Bi Kaije bado ninayo, nimeifunga kwenye pindo la kanga, na sijui nitaifungua lini. Usiniharakishe.

Ahadi yangu ni hii. Jumamosi wanakuja wasichana saba kujifunza zabayoni. Nitaweka sufuria mbili juu ya moto, mlango wazi, na sitamtuma yeyote popote. Atakayeniuliza nani alinifundisha nitataja jina lako lote, na la baba yako, na nitasema ulivyonifundisha, bila kupunguza. Watakuombea dua, na watacheka. Utayapata yote mawili kila Jumamosi, maadamu mimi ni hai.

Pumzika sasa. Kuku wapo, nimewatazama.

Mtoto wa kaka yako,
Hadia