Nimeanika Santuri za Mume Wangu Pamoja na Michembe

Shangazi Stephania, shikamoo. Nakuandikia begi langu likiwa limefungwa mlangoni, nisaidie kabla sijalibeba.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi hapa Bariadi na mume wangu Limbu, ambaye alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba miaka thelathini na moja hadi akastaafu, na sitamsingizia, hanywi, hanipigi, hana mwanamke nje, mke mwenzangu ni santuri. Zamani alikuwa akimtengenezea jenereta padre mmoja wa Meksiko, na padre alipohamishwa akamwachia mashine ya kupigia santuri na santuri nane za zamani za muziki wa kwao uitwao mariachi, ni tarumbeta, fidla na magitaa tu, hakuna anayeimba hata neno moja, na kwenye makasha yake kuna wanaume wamevaa kofia pana kama ungo. Kila siku saa kumi jioni anavuta kiti hadi kwenye spika, anafumba macho, mguu unapiga chini, na hapo hata nyumba ikiungua hana habari.

Mwanzoni sikujali, lakini miaka hii amekuwa mtu wa dharau. Namwita ale, kimya. Redio kampa mdogo wake, eti watangazaji wa siku hizi wanamung'unya maneno. Binti yetu Winnie akipiga simu, anasema "ongea na mama yako" na kunipa. Mikutano ya ushirika wa pamba kaacha, na kwenye jumuiya ya kanisa mwenyekiti alimuuliza wiki ijayo tusali nyumbani kwa nani, akajibu "Amina", watu wakacheka nikatamani ardhi inimeze. Nilipomuuliza kwa nini anapenda muziki usio na waimbaji, akasema, "Huu haunisumbui, mama Winnie. Hauniulizi kitu." Basi anayemsumbua ni mimi.

Mwezi wa sita nikapigiwa simu kutoka Mwanhuzi kwamba dada yangu Anyes amefariki. Nilitoka jikoni hadi mlango wa sebuleni nikasema, "Limbu, dada Anyes ametutoka," naye amenipa mgongo, tarumbeta zinalia, na ule mguu haukusimama hata kidogo. Nikajifunga kitenge nikapanda basi peke yangu. Kesho yake akatokea msibani analia mbele za watu, anasema jirani yetu Martha ndiye aliyemshika mkono akamwambia, halafu ananiuliza mimi, "Mbona hukuniambia?" Shangazi, nilimwona mnafiki.

Yeye amebaki kule kuvuna pamba ya marehemu, atarudi mwisho wa mwezi. Mimi nimerudi kuanika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande, na nilipoona santuri zina vumbi nikaziosha nikazianika kwenye jabali nyuma ya nyumba, pamoja na vile viazi. Hayo ndiyo niliyopanga kumwambia. Ukweli ni kwamba nililitazama lile jua la saa saba nikasema moyoni, acha zikome. Saba zimejikunja kama michembe yenyewe, imebaki moja iliyokuwa kwenye mashine. Nilicheka, kisha nikakaa chini nikalia. Nimwambie nini? Au niende tu kwa kaka yangu kule Kiloleli kabla hajarudi?

Mama Winnie, Bariadi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama Winnie. Pole sana kwa dada yako. Sasa fungua hilo begi, rudisha nguo kabatini, ndipo uendelee kusoma.

Umeniandikia habari za santuri, kumbe umeeleza ugonjwa wa mumeo mwanzo hadi mwisho bila kuuona. Miaka thelathini na moja kando ya mitambo! Mama, naona huyo bwana hasikii maneno. Anasikia kwamba mtu anaongea, lakini neno lenyewe linampita. Redio kaitoa, simu anakupa wewe, mikutano kaikimbia, na lile "Amina" lilikuwa jibu la mtu anayebahatisha. Aibu ya kusema "rudia" kila mara imemtoa kwa watu. Akabakiwa na muziki usio na maneno, kwa sababu humo hakuna kinachompita. Mimi mwenyewe marehemu mume wangu nilimwita mwenye kiburi miaka miwili mizima, na hadi leo inaniuma.

Martha alisimama mbele yake akamshika mkono. Wewe ulisemea mgongoni, tarumbeta zikilia. Alipokuuliza "mbona hukuniambia", hakuwa anaigiza. Alikuwa anauliza.

Na wewe nikugombeze kidogo. Umeanika michembe tangu utotoni, unalijua vizuri jua la saa saba juu ya jiwe, kwa hiyo hadithi ya vumbi usimletee mtu. Hasira yako naielewa, ulifiwa ukajiona umeachwa peke yako, na maumivu hayo ni ya kweli. Lakini ulichoharibu ni kitu kilichokuwa kinakaa naye bila kumwaibisha.

Usimweleze kwa simu, hatakupata. Akirudi, mwache aoge, ale. Kisha zima mashine, kaa mbele yake penye mwanga, mshike mkono, useme polepole bila kupiga kelele: nimeziharibu, nilifanya kwa hasira, nisamehe. Akiuliza mara tatu, rudia mara tatu bila kununa. Mweleze na ile siku ya Anyes, ulisimama wapi na ulisema nini. Atakasirika, ana haki, mvumilie. Wiki hiyo hiyo mpeleke hospitali akapimwe masikio, kwa maana mimi si daktari, na uingie naye hadi ndani, la sivyo hata maneno ya daktari yatampita.

Jambo la mwisho. Katika barua yako yote kuna kiti kimoja tu karibu na spika. Santuri moja imebaki. Saa kumi ikifika, vuta cha pili, ukae, usiseme kitu. Mpaka iishe, hakuna kati yenu atakayehitaji kurudiwa neno.