Madumu Mawili Yasiyonuka

Wewe, salamu baadaye. Soma kwanza.

Shemeji yako alikuwa na madumu mawili ya njano, mapacha kabisa. Moja lilikuwa la siki, lingine la dawa ya mchwa. Yalinuka hadi nzi wanapiga chafya! La mchwa alisema litakuwa la kumwagilia maua tu.

Akayasugua kwa magadi, akayajaza mkaa, akayaanika siku tatu. Harufu ikaisha. Ikaisha KABISA.

Juzi fundi cherehani wa jirani bomba lake likakauka. Shemeji yako akampa dumu moja, kalijaza maji ya kunywa.

Leo binti yetu kamuuliza, "Mama, ulijuaje lipi ni lipi?"

"Si kwa haru..." Si kwa harufu, ndugu yangu!

Akakimbilia ukuta wa kwa fundi. "Fundi! Usinywe!"

"Umechelewa, mama, nimebakiza nusu. Ila mbona ulimi unakufa ganzi?"

Sasa tuko kwenye teksi, fundi yuko katikati, anatapika. Shemeji yako amekumbatia dumu lililobaki, pua ndani. Likinuka dawa hilo, basi fundi kanywa la siki.

Ananusa. Anaomba Mungu linuke.

Halinuki kitu.