Skrubu Waliyoikaza Msibani

Wifi Sekela,

Hukupenda barua hata ulipokuwa hai. Ulisema mtu mwenye neno aje alisemee jikoni. Nimekuja jikoni mara nyingi tangu tukuzike, na hupo. Kwa hiyo ninaandika. Nina hasira nawe, na katika nyumba hii hakuna ninayeweza kumwambia hivyo bila kuonekana sina adabu kwa marehemu.

Nianze na mashine yako ya mkono, ile ya kusagia kimea. Siku ya pili ya msiba, wanawake waliokuja kutupikia waliishiwa unga wa uji. Mmoja wao akaiona mashine imefungwa kwenye benchi lake, akakaza skrubu mpaka mwisho ili sahani zile za chuma zibanane, wakaanza kusaga mahindi. Mimi nilikuwa ndani, nimeketi mkekani pamoja na wafiwa wengine. Niliposikia mlio wake nilijua. Hukuwa umeigusa skrubu ile tangu Neema wako alipokuwa shule ya msingi. Ilikaa palepale ulipoitaka, na wewe peke yako ndiwe uliyejua ni wapi. Nilitoka mbio bila viatu.

"Pole, Mwalimu, ni uji wa wazee tu," wakaniambia, wakinishika mabega. Walidhani ninakulilia wewe. Nilikuwa ninaililia skrubu.

Kisha yakaja mazishi. Wasifu wako uliposomwa, ulisema kwamba ulikuwa "mama mjasiriamali". Neno pombe halikutajwa. Wazee wa usharika waliokuwa wakipitia mlango wa nyuma kuja kunywa kwako walisimama mstari wa mbele, kofia mikononi, wakaitikia amina. Ningependa ungewaona. Wewe ungecheka. Mimi sikuweza.

Baada ya hapo ukoo uliketi. Vijana walitaka siku ya kuanua matanga na kumnyoa mfiwa tununue kreti za bia, yaishe. Mumeo, kaka yangu, alikuwa ameinama muda wote. Akainua kichwa, akasema, "Nitanyolewa siku nitakapokunywa pombe ya Sekela. Mwalimu alikaa naye jikoni. Anajua."

Mwalimu anajua! Ni kweli kwamba tangu nilipostaafu na kurudi Mafinga nimekuwa msaidizi wako. Nimeloweka ulezi nawe, nimeuanika ulipoota ukawa kimea, nimechochea mabanzi ya misonobari chini ya pipa mpaka macho yakawa mekundu, nimekamua gunia la kuchujia mpaka mabega yakauma. Lakini kila ulipofika wakati wa kusaga, ulinisukuma kwa kiuno. "Nipishe, Mwalimu. Hiyo mikono ni ya chaki." Nami nilikupisha, mjinga mimi, nikidhani unanionea huruma.

Kimea cha pombe ya kwanza nilikisaga na skrubu ikiwa kama walivyoiacha msibani. Niliona unga umetoka laini, nikafurahi. Wifi, ule unga uligeuka ugali ndani ya pipa. Gunia liliziba, halikupitisha hata tone. Nikakamua kwa hasira, likapasuka, machicha yakanimwagikia kifuani. Kaka akaonja kile kidogo kilichopatikana. "Huu ni uji uliolewa," akasema, akaweka kikombe chini.

Ya pili nililegeza skrubu mno. Punje nyingi zilipita nzima, zikatoka zikinitazama. Maji yalichujika upesi kama mvua ya bati, lakini utamu wote ulibaki ndani ya punje, na bila utamu hakuna cha kuchachuka. Baba Furaha, jirani yako yule asiyelipa bila kulalamika, akanywa akaangalia ndani ya kata. "Mwalimu, haya ni ya kunywa au ya kunawa?" Benchi zima la wanywaji likacheka. Kaka hakucheka. "Si yake," akasema.

Ya tatu ilitoka vizuri, nikapata matumaini, ingawa kaka alisema tena si yake. Ya nne, na skrubu ikiwa palepale, kimea kutoka gunia lilelile, ikatoka mbaya tena. Hapo ndipo nilipokutukana, wifi, kwa sauti, jikoni kwako. Ni mtu gani anayekufa na kitu kama hiki bila kumwachia mwenzake hata neno moja?

Nilikaa na hasira hiyo mpaka nikakumbuka jambo. Kabla ya kusaga ulikuwa ukiuma punje ya kimea, na mimi nikidhani una njaa. Nikauma moja. Haikulia, ilibonyea. Ukungu wa juma lile ulikuwa umeingia ndani ya gunia, na kimea chenye unyevu hakivunjiki, kinalala tu katikati ya sahani. Basi nilikianika tena mpaka kikalia menoni. Nikasaga kiganja kimoja, nikakitandaza kwenye ungo, nikapuliza. Nikalegeza, nikakaza, nikapuliza tena, mpaka punje zikawa zimepasuka moyo, ganda bado liko, na vumbi ni kidogo tu. Kumbe ulikuwa unaparaza, husagi. Nikachukua msumari, nikachora alama kwenye chuma pale skrubu iliposimama. Jambo dogo hilo ungeweza kulifanya wewe miaka yote hiyo, na hukulifanya.

Nikapika. Ikawa nzuri. Nikapika tena, ikawa vilevile, kama mapacha. Baba Furaha alikunywa akalipa bila kulalamika, jambo ambalo hujapata kuliona, kisha akasema, "Jamani, Sekela karudi."

Nilimpelekea kaka kwa mikono miwili. Akanywa yote. Nikaona koo lake linavyopanda na kushuka. "Si yake," akasema.

Nilimpelekea ile iliyofuata. "Si yake."

Basi nikaketi mbele yake, mimi niliye mdogo wake, nikamwuliza kama nilivyokuwa nikimwuliza mwanafunzi: inakosa nini? Inakosa uchachu? Inakosa uzito? Akakizungusha kikombe mikononi. Ndevu zake zimekuwa nyeupe, wifi, na nywele zimemfunika masikio. Ungemkataza asikaribie watu.

"Haikosi kitu, hata ile ya tatu haikukosa," akasema. "Lakini nikisema ni yake, mtaninyoa."

Gunia zima la ulezi, Sekela. Mabega yangu, macho yangu, vicheko vya benchi lile. Na mtu huyu alikuwa ameitambua tangu ile ya tatu! Nilitamani kummwagia kilichobaki. Sikummwagia, kwa sababu alikuwa analia, na sijapata kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika mama yetu. Nikamwambia, "Jumamosi utanyolewa. Iwe yake, isiwe yake." Akanisogezea kikombe nimwongezee. Unajua kwamba kwake huko ni kukubali.

Sasa nisikilize. Sitapika pombe yako tena. Ile alama ya msumari nimeipita kidogo, nikachora nyingine, skrubu imelegea zaidi ya ulivyopenda, kwa sababu mimi napenda pombe nyepesi, inayoteremka. Watakayokunywa Jumamosi ni ya kwangu, na wakiuliza nitawaambia hivyo.

Neema anakuja kesho. Amefunga banda lake la chakula pale Igawa, anasema anataka kuirithi kazi hii. Hajawahi kushika mpini wa mashine yako hata mara moja. Nilipomwuliza kwa nini, alisema naye ulikuwa ukimsukuma kwa kiuno. Nimeamua kwamba kimea cha pombe itakayofuata hiyo atakisaga yeye. Nitamwonyesha jinsi ya kuuma punje, nitamwonyesha alama yako na alama yangu, na nitamwambia achore ya kwake.

Lala salama, wifi. Nimekukasirikia sana, na naona nitaendelea kukukasirikia kwa muda. Lakini ninakuahidi hili: nikishamkabidhi mwanao mpini, nitatoka nje, niufunge mlango, nimwache akosee mwenyewe.

Wifi yako,
Mwalimu