Gari la Maneno

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta mko salama, wewe, wifi yangu na wale mapacha ambao katika picha ya mwisho nimeona wameanza kufanana nawe hadi kwenye kununa. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi ameniambia bado unainua masanduku kazini kama kijana wa miaka ishirini. Acha ubishi, kaka, mgongo hauuzwi dukani. Sisi huku tupo. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na bado anabishana na mtangazaji wa redio kana kwamba wamekaa kochi moja. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa moyo nina hasira, na nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningepaza sauti na Baba angesikia.

Umenitaka nikupangie tarehe zote za lile gari la umeme ili umpelekee wakili. Nimeketi kwenye chumba cha kushonea, nimesukuma kando mapazia ya hoteli ambayo yangepaswa kuisha jana, nikueleze yote tangu mwanzo.

Unajua nililiagiza mwezi wa pili. Lile gari langu la zamani lilikuwa limechoka kubeba marobota ya vitambaa na fito za mapazia, na kila likipanda kilima lilikuwa linakohoa hadi wateja wanacheka. Lakini aliyekuwa na hamu kuliko mimi ni Baba. Mzee aliyeendesha malori miaka ishirini na kufundisha udereva mingine kumi na nane alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu hajakishika, yaani gari lisilo na injini. Alikuwa haamini. Aliniuliza mara kumi linajuaje kwenda kama hakuna kinachowaka ndani. Na wakati huohuo daktari wa macho alikuwa ametuambia ile presha ya macho imefika pabaya. Alisema Baba ana miezi kadhaa ya kuona vya kutosha, labda hadi mwisho wa mwaka, labda pungufu, na kwamba kama anataka kushika usukani mara ya mwisho ashike mchana, mahali pa wazi, na mtu kando yake. Tukakubaliana na Baba kwamba gari likifika tutalipeleka kwenye ule uwanja mtupu nyuma ya maghala, aendeshe mpaka achoke. Hicho ndicho kitu pekee alichoniomba mwaka huu.

Basi watu wa ukumbi wa kuuzia magari wakaniambia miezi miwili. Aliyenihudumia ni bwana wa makamo, ana upara na tai fupi, mpole mpaka anakera. Hilo lililokuwa pale ukumbini lilikuwa la maonyesho, hata kuliwasha hairuhusiwi, kwa hiyo Baba alilizunguka tu akiligonga-gonga kama mtu anayechagua tikiti maji. Yule bwana akampa kitabu cha maelekezo. Baba alikisoma kwa kioo cha kukuzia, kurasa zote, na zile za onyo akazirudia.

Fundi umeme akaja akafunga kisanduku cha kuchajia ukutani, karibu na mlango wa uani. Kisanduku kikawa kinawaka taa ya kijani usiku na mchana, kinasubiri. Mwezi wa nne ukaisha, wa tano ukaja. Meli imechelewa. Mwezi wa sita, meli imefika lakini karatasi hazijafika. Mwezi wa saba, karatasi zipo lakini mtandao uko chini. Kaka, mtandao gani unakaa chini mwezi mzima? Kila Jumatatu nilikuwa napiga simu, na kila Jumatatu yule bwana ananijibu kwa upole uleule kwamba ni wiki ijayo. Nikampa jina, Bwana Wiki Ijayo, na mtaa mzima ukalidaka. Mtaa nao haukuniacha salama. Fundi viatu wa jirani aliniuliza kama naweza kumwazima kile kisanduku atundikie mkoba wake, maana anaona hakina kazi. Wengine wakasema nimenunua gari la maneno.

Nilikasirika, kaka, sikufichi. Nilimtukana yule bwana kwenye simu maneno ambayo mama yetu angeyasikia angenisugua mdomo kwa sabuni. Nilikwenda pale ukumbini nikasimama katikati nikawaeleza wateja wengine waliokuwa wakinywa kahawa yao kwamba hapa wanauziwa hewa. Jioni nikirudi nyumbani naanza upya. Nakata kitambaa na kuwalaani, napiga pasi na kuwalaani. Baba alikuwa ananisikiliza kidogo, halafu anainuka anakwenda kuongeza sauti ya redio. Nilidhani naye uchungu umemzidi.

Mwezi wa sita alianza kumwaga chai nje ya kikombe. Wa saba aliacha kusoma vichwa vya habari, akasema magazeti siku hizi yanachapwa kwa wino hafifu. Mwezi wa nane, asubuhi moja, aliniita akaniuliza kwa nini sijafungua mapazia. Nilikuwa nimeyafungua yote. Nilisimama pale nimeshika kamba ya pazia.

Ndipo nilipokuandikia ile barua ya kilio, na wewe, Mungu akubariki, ukawasha moto. Ukamwandikia mkurugenzi wao, ukaandika tena, ukampigia mpaka akakupokea. Sasa unaniambia amekuahidi kwamba Bwana Wiki Ijayo ataachishwa kazi mwisho wa mwezi huu, na kwamba unataka twende mbele zaidi, tuwashtaki kwa kumnyima Baba nafasi yake. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilifurahi. Naona aibu kuliandika hilo lakini nilifurahi, nilicheka peke yangu humu chumbani.

Halafu Alhamisi gari likafika.

Nililifuata mwenyewe. Nilimwambia Baba anisubiri nje ya geti, nimpitie hapohapo twende uwanjani, kwa sababu nilikuwa bado najidanganya kwamba atashika usukani nami nitamwongoza, kushoto, kulia, simama. Alivaa shati lake la kazi, lile la mikono mifupi lenye mfuko wa kalamu. Unajua Baba na masikio yake. Tangu macho yaondoke anatambua kila kinachopita mtaani, pikipiki ya muuza maji, gari la taka, hata gari la yule nesi ambaye breki zake zinalia. Nilipokata kona nilimwona amesimama wima, kichwa amekiinamisha upande, ananisikiliza nije. Nikasogea polepole, gari halina mlio, nikasimama mbele yake. Angenyoosha mkono angeligusa. Alibaki ametazama kule kwenye kona. Baadaye akamgeukia fundi viatu akamuuliza, "Bado tu?"

Fundi viatu, bingwa wa mzaha, alinitazama mimi ndani ya gari, akainamia kiatu chake.

Nilishuka nikamshika Baba mkono, nikamwingiza upande wa dereva. Alisogeza kiti. Alifunga mkanda. Akanyoosha mkono akakipata kile kioo cha kutazamia nyuma, akakirekebisha sawasawa kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake wote, na akakitazama. Nikamwonyesha kidude cha kuwashia, akabonyeza. Akangoja. Akaniuliza kama limewaka, nikamwambia limewaka. Akaitikia kwa kichwa, akaitoa mikono yake kwenye usukani akaiweka magotini. Uwanjani hatukwenda.

Nikaanza tena, kaka. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja. Nikasema wale majambazi wangelileta mwezi wa nne kama walivyoahidi, leo ungekuwa unatuzungusha mji mzima. Baba aliniacha nimalize. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mwezi wa nne walikupigia simu. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Sasa nakueleza wewe nililomficha kila mtu. Ni kweli. Mwezi wa nne, tarehe ishirini na tatu, yule bwana alinipigia nikiwa nimebana pini midomoni, nikaiweka simu mezani kwa sauti ya juu. Alisema kuna mteja ameghairi, gari lipo, jeupe, nije kesho nilichukue. Mimi nikasema silitaki. Nilikuwa nimeagiza bluu. Na si bluu tu, nilikuwa nimempelekea kipande cha kitambaa, ile bluu ya mapazia ya ukumbi wa harusi niliyoyashona mwaka jana ambayo watu wananisifia mpaka leo, nikamwambia nataka gari langu liwe hivi. Nilimjibu kwamba mtu anayeishi kwa rangi hawezi kuonekana ndani ya gari jeupe kama la kampuni ya ulinzi. Alinionya, kaka. Alisema la bluu hana tarehe nalo, linaweza kuchukua miezi. Akanikumbusha hata habari ya mzee. Nikamwambia mzee wangu niachie mimi. Hizo wiki ijayo zote alizokuwa ananiambia baadaye zilikuwa za kunikimbia tu, na mimi ningekuwa yeye ningenikimbia vilevile.

Chumba changu na sebule vimetenganishwa na pazia, nimelishona mwenyewe. Baba alikuwa upande wa pili, amekaa na kioo chake na kile kitabu. Alisikia kila neno. Miezi sita nimewalaani watu wa watu mbele yake, naye anajua, na hakuniaibisha. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ileile. Akanijibu kwamba gari lilikuwa langu, na kwamba alidhani macho yake yatangoja.

Kisha akapapasa mlango kwa ndani, akaniuliza kama hii ndiyo ile bluu yangu yenyewe. Nikasema ndiyo.

"Basi umeipata," akasema, na akafungua mkanda.

Kwa hiyo, kaka yangu, usimwone wakili. Mwandikie mkurugenzi leo hii, usingoje kesho, umwambie dada yako ni mwongo na yule bwana aachwe na kazi yake. Mimi nitakwenda kesho asubuhi ukumbini, nitasimama palepale nilipomtukania, na nitasema mbele ya watu. Sijui atanitazamaje. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, ukitaka kukaa mwezi mzima bila kunipigia simu nitaelewa. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu miezi yote hii na nilimtumia vizuri. Sasa hasira zimebaki zilezile na sina mlango wa kuzipeleka.

Baba anakusalimu sana, na anasema mapacha wasifundishwe kuendesha na mtu mwingine kabla hawajasikia mambo mawili matatu kutoka kwake. Wifi mpe pole ya kazi, na umwambie mapazia ya chumba cha watoto nimeyakata, nitayatuma yakikamilika. Uwe na afya, na mgongo wako uutunze.

Ni mimi mdogo wako,

Fundi Mapazia