Madirisha ya Ukumbi wa Langoni

Mtaa wa Langoni,
Lamu.
26 Novemba, 1967.

Mpendwa Kaka Hamdun,

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Natumai barua hii itakukuta hapo Tanga umekaa na chai yako ya asubuhi, mgongo umetulia, na Bi Barka hajakununia. Sisi sote huku tu wazima kwa uwezo wa Mola. Mama anakula vizuri na bado anatugombeza, nami kila akinigombeza namshukuru Mungu kwamba nguvu anazo. Dawa ya magoti uliyomletea imefika. Asema inanuka, lakini kila siku anaipaka.

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Nilikuwa kazini, na kazi yenyewe haielezeki kwa mistari miwili. Kaka, nimejenga ukumbi. Najua chema chajiuza, lakini Tanga ni mbali, kwa hiyo niache nikitembeze kidogo.

Tangu tulipokimbia Mkokoni kwa ajili ya mashifta na bunduki zao, Langoni imefurika. Wamo watu wetu, wamo wa Kiwayu, wamo na wa bara waliokuja na kazi za serikali, na nyumba za makuti zimepanda hadi kwenye mchanga. Wenye nyumba kubwa za mawe wana pa kufanyia shughuli zao. Sisi wengine, ukiwa na harusi au mkutano, huna budi kubisha hodi kwa watu na kuomba nafasi. Ndipo Bwana Patroba, afisa wa maendeleo, mtu wa bara mwenye haraka na moyo mzuri, akatuita tujenge kwa harambee ukumbi mmoja wa mambo yote. Serikali ilitoa mabati na mbao za paa, sisi tukatoa mawe, chokaa na mikono yetu. Wanawake ndio waliobeba mawe mengi zaidi, vichwani, kutoka pwani. Fundi mkuu nilifanywa mimi, mdogo wako uliyekuwa ukimpiga makofi kwa kuchanganya chokaa nyepesi.

Ungeziona kuta zile! Ukitundika timazi popote, hupati kasoro hata ya unywele. Upande wa njia niliweka madirisha manne mapana, yanayoanzia kimo cha kiuno, kama ilivyotaka ramani ya Bwana Patroba, na pembeni nikayachonga nakshi ya chokaa. Wapita njia walikuwa wakisimama kutazama. Nilitembea mji mzima kifua mbele, kaka, sikufichi.

Sasa, binti yetu Hindu alikuwa amechumbiwa na Athman, na harusi ilipangwa Shaaban hii kabla ya kuingia Ramadhani. Nilikwishawaahidi wakwe kwamba siku ya kutolewa nje, Hindu atakalishwa ndani ya ukumbi mpya, amepambwa, mbele ya wanawake wote, asiombewe ukumbi wa mtu. Wiki saba kabla, mke wangu Hadia akaja kupatazama. Alisimama katikati, akayaangalia madirisha yangu moja moja. Nikangoja sifa.

"Pazuri," akasema. "Lakini mwanangu sitomtoleza nde mbee ya wapita ndia."

Kaka, mimi nimezaliwa na watu hawa. Najua fika kwamba siku ile wanawake huvua mabuibui, wakakaa na nguo zao na dhahabu zao, na hapaingii jicho la mwanamume. Lakini nilipokuwa nikijenga nilifikiria mikutano na upepo tu. Kwenye kamati tulikuwa wanaume kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewauliza waliobeba mawe. Badala ya kukubali kosa nikapandisha hasira. Nikasema tutatundika mapazia. Hadia akanijibu kwamba upepo hauna haya. Kwa siku tatu alinipa chakula bila kunipa neno, na wanawake wa mtaa mzima wakawa upande wake. Hakuna ambaye angetia mguu mle. Nikaona kwamba nimejenga ukumbi wa nusu ya watu, na mwanangu yumo katika nusu iliyobaki nje.

Nilikwenda kwa Bwana Patroba nikiwa na hofu kwamba atatucheka. Hakucheka. "Fundi, mbona hakuna mtu aliniambia?" akasema. "Sisi kwetu harusi ni uwanjani, kila mtu anaona." Kisha akavua koti, akaja kunishikia futi.

Nikavunja. Nakshi ile ya wiki tatu niliiangusha kwa nyundo yangu mwenyewe, na roho iliniuma kama jino. Nilitaka kuinua madirisha yapite kichwa cha mtu mrefu, lakini Hadia akauliza, "Na wapanda punda je?" Mwanamke huyu, kaka! Basi nikaazima punda, nikampanda kando ya ukuta, nikatia alama ya mkaa ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho yangu, na wazee waliokaa barazani wakacheka mpaka wakafuta machozi. Yale manne mapana nikayaziba kwa mawe, na juu ya alama ile nikaweka madirisha madogo kumi na mawili, chini kidogo ya bati, na nyuma nikatoboa mlango wa pili unaofungukia uchochoroni. Na sikiliza maajabu: joto lote hupanda likatokea huko juu, na ndani pamekuwa baridi kuliko mwanzo. Bwana Patroba ameichora kazi hiyo kwenye karatasi zake, asema atawaonyesha wakubwa wake.

Ukumbi sasa haupumziki. Kina mama huleta watoto wao kuchanjwa, watu wazima wanasoma humo, maulidi tumeshasoma, na vijana wameingiza meza ya mpira ambayo siipendi maana wanaigonga kwenye ukuta wangu. Walimu na polisi wa bara wameomba wafanyie Krismasi humo, nasi tumekubali.

Msalimie sana Bi Barka, na mwanao Abdulqadir mwambie aache kuchora mapichapicha ukutani, ashike mwiko wa uashi. Mama anakusalimu, asema usifunge Ramadhani bila daku. Hindu na mumewe wanakuamkia.

La Alhamisi iliyopita nimeliweka mwisho makusudi. Baada ya Alasiri wanawake waliingia kwa mlango wa uchochoroni, wa nyumba za mawe na wa nyumba za makuti, wa Kiwayu na wa Mkokoni, hata Bi Kemunto, mke wa Bwana Patroba, na hina mikononi. Mlango ukafungwa, nikabaki njiani peke yangu. Viliporuka vigelegele nikajua Hindu amekalishwa. Roho ikanituma. Nikasimama kwa ncha za vidole chini ya kila dirisha, nikaruka, nikasogeza jiwe nikalipanda, mtu mzima na ndevu zangu. Sikuona kitu ila bati. Nikakaa chini, mgongo ukutani, nikalia kwa furaha.

Walipotoka, Hadia alinikuta hapo hapo. Akaniuliza kama nimeona lolote. Nikamwapia kwamba sikuona hata ushungi.

"Basi," akasema, "sasa umejenga."

Mola akuhifadhi, akupe afya ya kuja kuuona ukumbi huu kwa macho yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuheshimu,

Fadhil