Mayai ya chekeamwezi

Wahiba, nimefanya jambo baya. Leo asubuhi nilikuwa nikiyapaka chokaa mawe ya mpaka wa shule, kule kando ya mto, hapa Mtoni.

Chekeamwezi, yule ndege anayelia mtoni usiku, akanitanulia mbawa mchana kweupe. Nikamfukuza kwa brashi. Nikamfukuza, Wahiba!

Akapita Mwalimu Lusungu, akacheka: "Dada, usafi gani huu, hadi mayai unayapaka chokaa?"

Mayai! Mawili, chini mchangani, bila kiota, yaliyokuwa na madoa kama kokoto, sasa meupe. Nimeyafuta kwa leso, chokaa haitoki.

Nimejificha nyuma ya stoo. Ndege amerudi. Ameyazunguka mayai yake mara tatu, asiyatambue.

Sasa ametulia. Ameatamia jiwe nililokuwa sijalipaka.