Ng'ombe wa Kukhu

Mutuini, Jumapili

Kukhu wangu,

Mjukuu wako ni mzima, ni matope tu ya huku yananimalizia viatu. Jacklyne akikusomea barua hii, mwambie asisome mbio.

Nakutumia picha nyingine ya boma letu. Gundi nilinunua River Road, vingine vyote ni vya jikoni. Mabati ni katoni niliyobandua karatasi ya juu, ikabaki ile mikunjo. Shamba ni majani ya chai yaliyokauka, na mlima ni maganda ya mayai. Majirani wanadhani nimerukwa na akili, maana nagonga kila mlango kuomba maganda.

Ile niliyokutumia Pasaka uliisifu sana kwenye simu, Kukhu. Ukasema ng'ombe amependeza. Sikuwa nimechora ng'ombe. Nilicheka na wewe, halafu nikakaa jikoni nikalia.

Kwa hivyo hii usiitundike ukutani. Iweke mapajani, uipapase polepole kuanzia mlangoni. Kushoto kwa nyumba, ng'ombe yuko. Mkia wake ni wa katani. Uvute tu, nimeushona.

Mjukuu wako wa mjini,
Nanjala